Mlinda Viatu

Korogwe, Jumapili 2 Machi 1975

Jumapili ya tatu ya Kwaresima. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zao. Leo kanisani wimbo wa kuingilia ameuanzisha binti wa Simeo, anayeimba kama mtu anayefukuza kuku uani. Nilikaa benchi la nyuma nikamwacha afukuze.

Baada ya Misa padri akanisimamisha mlangoni. "Mama Efrazia, Pasaka utatuanzishia Aleluya?" Nikasema ndiyo, ili aniachie njia tu.

Nitaandika hapa yale nisiyoweza kumwambia. Mikaeli, mume wangu, alikuwa katekista wa parokia hii tangu kabla ya Uhuru. Tulimzika karibu na Noeli. Tangu siku ile siwezi kusali. Nikipiga magoti maneno yote yanatoka, tena kwa mpangilio, na hakuna hata moja ninaloliamini. Kumwombea Mikaeli raha ya milele nimeshindwa. Mke wa katekista! Nyimbo za wafu nimewaimbia watu wa mji mzima, na wangu mwenyewe nimemnyima. Inaniuma kuliko kifo chenyewe.

Viatu vyake vipo chini ya kitanda, na tope la mwisho alilolikanyaga. Sijavigusa.

Jumanne 4 Machi

Valerian, mtoto wa kaka yangu, anaendesha lori la kupeleka chakula cha njaa vijijini, yale mahindi ya manjano ya Marekani ambayo watu wameyapa jina la Yanga. Nimemwomba anichukue. Njiani wapo rafiki zetu wa zamani, Mashewa, Lutindi, Kabuku. Kila mmoja anasali kwa namna yake. Nataka kukaa pembeni ya mtu anayesali kweli, pengine nami nitaambukizwa.

"Shangazi, barabara hii si ya kuchezea."

"Nani kakwambia nakwenda kucheza?"

Alhamisi 6 Machi

Lori bovu. Hatukuondoka.

Mashewa, Jumapili 9 Machi

Nimefikia kwa Grasiana, niliyesoma naye kwa masista tukiwa wasichana. Kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama mahindi ya shamba la serikali, na watu bado wanakosea mlango wa kuingia. Grasiana hakubadilika: mkarimu, mnene, na kila kitu lazima kisikike mpaka kwa jirani.

Ibada ilikuwa chini ya turubai la ghala. Mwenyekiti wa kijiji akapewa nafasi ya kusema machache, akasema mengi: mashimo ya vyoo, mihogo ya lazima, wavivu watajwe majina. Tukaitikia. Kisha Grasiana akasimama kuniombea. "Bwana, mwangalie mjane huyu! Mwangalie alivyokonda! Mwangalie hana mtoto wala wa kumtuma maji!" Watu wote wakageuka kumsaidia Bwana kuniangalia. Nilijiona mbuzi wa mnadani.

Jioni akaniambia vile viatu vya Mikaeli nimpe mtu mwenye shida. Nimemjibu vibaya. Ananipenda, najua, lakini nimemjibu vibaya na sijutii.

Jumatano 12 Machi

Mvua imeanza. Tope. Valerian anatafuna miwa na kutema dirishani bila kuangalia upepo unakotoka.

Lutindi, Jumapili 16 Machi

Tulipanda mlima lori likilia kila kona. Huku juu baridi, migomba imesimama kwenye ukungu, na misheni ya zamani imetulia. Mwenyeji wetu ni Dunstan, Mlutheri, aliyekuwa jirani yetu Korogwe. Alikuwa akipuliza tarumbeta jioni, na Mikaeli akimwimbia wimbo huohuo kwa maneno ya Kikatoliki, mpaka tunacheka.

Sitasema uongo: sijasikia uimbaji kama wa leo. Sauti nne, hakuna anayemkanyaga mwenzake, na tarumbeta zikija chini yao taratibu. Kina mama walilia. Dunstan alilia huku anapuliza, sijui anawezaje. Mimi nilikaa pale nahesabu maua ya altareni. Uzuri wote ule ulinipita pembeni.

Tukiwa tunakunywa chai akasema, "Shemeji, usijilazimishe."

"Nisipojilazimisha, nani atamwombea?"

Akaniongezea chai. 

Kabuku, Alhamisi 20 Machi

Siku ya leo ni ndefu. Wino unakaribia kuisha, lakini nitaandika.

Tulishuka mpaka Segera, tukashika barabara ya Chalinze, na kabla ya adhuhuri tukafika Kabuku, upande wa Handeni. Valerian akanishusha na magunia, akaendelea mbele kupeleka yaliyobaki. Nimekuja kwa Mzee Mbwana Mhina, rafiki wa Mikaeli tangu walipokata mkonge pamoja wakiwa vijana. Alikuwa akitutembelea Korogwe mara chache, mtu mrefu mpole, akiniita shemeji na kumwita Mikaeli "ndugu" tu. Kila mavuno Mikaeli naye alipanda baiskeli akaja kwake, akarudi na kikapu cha kunde. Mimi sikuwahi kufika. Habari ya msiba waliipata kwa Valerian.

Nao wamehamishwa. Zamda, mkewe, alinipokea kwenye nyumba mpya ya miti ambayo haijakandikwa upande mmoja. Tukasalimiana, tukalia kidogo kwa adabu. Kisha akasema, "Umefika siku nzuri, shemeji. Leo Alhamisi, baada ya alasiri tunasoma hitima. Njoo ukae nasi wanawake, hakuna atakayekukataza."

Nikaenda. Msikiti wao ni kibanda cha udongo na makuti, wanaume ndani, wanawake nyuma ya jamvi. Sikujua wanamsomea nani na sikuuliza. Hakuna aliyepaza sauti ili asikike. Wazee wale, mikono ina sugu za jembe, walisoma wakiinama kama watu wanaobeba kitu kizito pamoja na kila mmoja anaogopa kukiachia. Mzee Mbwana sauti ilimkatika. Akaanza tena. Ikamkatika. Wenzake wakamngoja. Halafu wakaomba: Mwenyezi Mungu amrehemu Salimu bin Mhina, amsamehe, ampanulie kaburi lake.

Nikalia. Tangu Noeli sijalia namna ile. Nilitia kanga mdomoni, na katikati ya kilio nikasikia nimesema, "Bwana, umpe raha." Nilisema na nikaamini. Nikafikiri, haya, nimekipata nilichokifuata, kumbe kilikuwa hapa.

Tulipotoka nikamuuliza jirani yangu wa mkekani, mama mmoja aitwaye Hajira, huyo Salimu ni nani.

"Mwe! Humjui Salimu? Mdogo wake Mzee Mbwana. Alikuwa anakaa huko Korogwe. Kila mavuno alikuja na baiskeli yake, anaimba njia nzima. Mtu mwema, hana kidole hiki." Akanionyesha cha shahada, cha mkono wa kulia. "Kilikatwa na mashine ya mkonge, korona. Amefariki kabla ya mwaka mpya. Mzee ameomba asomewe kila Alhamisi mpaka mahindi yakomae. Baba yao mwenyewe hakusomewa hivyo."

Kidole kile nimekishika miaka yote ya ndoa yangu. Yaani nafasi yake.

Nilirudi nyumbani kwa Zamda nikalala na nguo zangu. Mume wangu, katekista, aliyewabatiza watoto wa mji mzima walipokuwa mahututi, huku alikuwa Salimu. Kila mwaka! Alivua rozari wapi, Segera? Alisali lipi kwa kweli na lipi la kutupumbaza? Na kama alinidanganya hilo, mimi nimeshindwa kumwombea nani miezi yote hii?

Ijumaa 21 Machi

Sikutoka. Nilisema tumbo.

Jumamosi 22 Machi

Mvua kubwa. Kalvati la mbele limechukuliwa na maji, Valerian yuko ng'ambo na lori lake. Siwezi kuondoka hata nikitaka.

Nilimuuliza Zamda, nikipepeta mahindi ili nisimtazame: "Salimu alipokuja huku, alisali?"

Zamda akanitazama yeye. "Alikwenda msikitini kila mara."

"Alisujudu?"

"Hakuingia. Alikaa mlangoni akilinda viatu. Watoto wa hapa wana mchezo wa kuvitupa vichakani, basi akavilinda. Akavipanga jozi jozi, vya tope akavifuta. Watu walisema goti lake bovu, haliinami."

Goti la Mikaeli lilikuwa zima. Ameinama nalo mbele ya altare mpaka suruali zake zote nilizishona viraka hapo.

Hasira imepungua kidogo. Sijui nafasi yake imechukuliwa na nini.

Jumapili 23 Machi

Matawi. Hakuna kanisa karibu. Nilikata tawi la mti nikalishika nikiwa nimekaa kitandani, nikajiona mjinga, nikalitupa.

Jumatatu 24 Machi

Mvua imepumzika, kijiji kizima kimetoka kupanda. Nilimfuata Mzee Mbwana shambani. Yeye anachimba shimo kwa jembe, mimi natia mbegu na kufukia kwa mguu. Tulikwenda mistari kadhaa. Kisha nikasema:

"Shemeji, mume wangu aliitwa Mikaeli."

"Najua." Hakusimamisha jembe. "Siku ya kwanza tu nilijua. Alikuwa akipiga msalaba ndani ya blanketi, anafikiri nimelala."

"Basi Salimu ni nani?"

Hapo akasimama. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kadiri ninavyoweza.

"Salimu ni mdogo wangu. Tumbo moja. Tulikwenda kukata mkonge pamoja mwaka wa njaa, wakati wa vita ya wazungu. Mvua kama hizi akapata homa, akafa alfajiri mikononi mwangu. Katika chumba kile tulikuwa na mtoro mmoja, kijana kutoka kusini, walimkamata kwa kazi za lazima, akatoroka kutoka shamba jingine la mkonge. Hana kipande, ile kadi ya kazi, na bila kipande huandikwi kazi, hupewi posho. Tulikuwa tunamlisha kwa kumficha. Ndiye Mikaeli wako.

"Nami nilikuwa na mama huku Handeni anakula mizizi. Posho ya mtu mmoja haitoshi kumpelekea. Ya wawili inatosha. Umenielewa, shemeji? Nikikwenda kwa nyapara kusema ndugu yangu amefariki, kipande chake kinachukuliwa. Nikinyamaza, kipande kipo, na mtu wa kukibeba yupo. Tulimzika wawili sisi, pembeni mwa mkonge, kabla ya kengele ya kazi. Sanda ni shuka lake. Maiti husaliwa na watu, safu kwa safu. Mimi nilimsalia peke yangu. Nikageuka nyuma, nikamwona yule Mkristo amesimama ameshika viatu vyangu, ameondoa tope. Hakujua afanye nini kingine.

"Asubuhi ile nyapara akaita Salimu Mhina, akaitika yeye. Tukahamia kambi nyingine ambako sura zetu hazijulikani. Mama alikula. Macho yake yalishapofuka; alikufa baadaye kwa uzee, anajua ana watoto wawili."

Nikamuuliza kwa nini Mikaeli hakuniambia. Akasema waliapa, na kwa kuwa hawakuwa na kitabu kimoja, waliapia udongo wa kaburi lile.

"Lakini vita ilikwisha, Uhuru ukaja! Ungesema!"

"Niseme kwa nani? Salimu alitoka kijijini mvulana, na kijiji kinamwona anarudi mtu mzima na baiskeli. Anacheka nao, anakula kunde. Mtu aliye hai hasomewi hitima. Salimu wangu hakuweza kufa mpaka Mikaeli afe." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Nilimpenda mumeo. Kila alipotokea pale barabarani nilifurahi, na kila alipotokea nilimchukia kidogo. Nisamehe. Valerian alipoleta habari nilimlilia Mikaeli siku ile nzima. Kesho yake nikaanza kumlilia mdogo wangu. Nimemngoja tangu nina nywele nyeusi."

Mbegu zilikuwa zimelowa jasho mkononi mwangu.

"Kwa hiyo Alhamisi," nikasema, "yote yale, machozi ya watu wote wale, Mikaeli hamo."

"Wao wanamlilia Mikaeli, hawajui. Mimi ninayeyapeleka, nayapeleka kwa Salimu. Ni wangu huyo, shemeji. Usininyang'anye. Wako muombee wewe."

Akainua jembe. Tukamaliza mstari.

Sina hasira na Mikaeli tena. Nina huzuni tu, tupu, haina hata pa kuegemea. Sala ya kweli pekee niliyosali tangu kifo chake nimesali kwa ajili ya mtu nisiyemjua, aliyezikwa kwa shuka kabla sijavunja ungo. Na wangu hana mtu. Hapa hawamjui jina, na kule Korogwe anaye mke bubu.

Jumanne 25 Machi

Maulidi. Pilau la Yanga! Walisaga yale mahindi chengachenga wakayapika kwa viungo, na watoto wakala kama wali wa harusi. Watu wana moyo. Zamda akanipaka piko kucha bila kuniuliza.

Jumatano 26 Machi

Mvua.

Alhamisi 27 Machi

Alhamisi Kuu. Korogwe leo padri anaosha miguu ya wazee, nami kila mwaka ndimi ninayeshika beseni.

Baada ya alasiri watu walikuja msikitini na mvua nyembamba inaendelea. Zamda akanisogezea nafasi mkekani. Nikamwambia leo nitakaa mlangoni. Akanipisha nipite.

Nilikaa kizingitini, chini ya makuti yanayodondoka. Mbele yangu viatu vyao, vingi ni vya matairi ya gari, vingine kandambili zilizofungwa kwa waya, vyote tope tupu la shambani. Ndani wakaanza kumsomea Salimu. Safari hii nilijua ni Salimu yupi, na nilimwona: kijana, homa, shuka. Nilimpa rambirambi zake. Niliziacha ziende kwa mwenyewe.

Kisha nikachota maji ya mchirizi kwa kibuyu nikachukua kiatu cha kwanza. Nikakisugua kwa pindo la kanga. Nikakiweka. Nikachukua mwenzake. Sikupiga magoti, sikuanza na Baba wala Mwana. Nilisema, "Mikaeli." Kiatu cha pili, "Mikaeli." Nilimtaja kwa jina alilobatizwa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na sikuongeza neno, kwa maana sikuwa nalo. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu. Mungu alikuwepo. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na wala hakunituliza. Alikuwepo tu, na mimi nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza.

Walipotoka waliviona viatu vimepangwa, vimeoshwa. Mzee mmoja, Mdoe, akacheka kidogo huku akivaa: "Alikuwa hivihivi Salimu, Mungu amrehemu."

"Amin," nikasema.

Mzee Mbwana alitoka wa mwisho. Nilimsogezea vyake. Akavaa kimoja, akashindwa kingine, akakaa chini kando yangu mguu mmoja mtupu. 

Jumamosi 29 Machi

Kalvati limetengenezwa kwa magogo. Valerian amekuja, amekonda, ananuka dizeli. Zamda kanipa kikapu cha kunde. Mzee Mbwana akanisindikiza mpaka barabarani.

"Mavuno utakuja?"

"Nitakuja."

"Watauliza wewe ni nani wa Salimu."

"Utawaambia nini?"

Akafikiri. "Nitawaambia ni mjane."

Lori likaondoka. Valerian akauliza Salimu ni nani. Nikamwambia aangalie barabara.

Korogwe, Jumapili 30 Machi

Pasaka.

Nilianzisha Aleluya. Sauti ilitoka nusu, ikapasuka, nikaendelea hivyohivyo imepasuka. Binti wa Simeo akaingia chini yangu akaibeba, mtoto mzuri yule, nimemsema bure. Baadaye mama mmoja akaniambia, pole, mafua? Nikasema ndiyo. Padri alikuwa na macho mekundu. 

Nimerudi nyumbani. Nimeinama chini ya kitanda, nimevitoa viatu vya Mikaeli. Tope lilikuwa limekauka gumu, likatoka kwa vipande, na ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na jani la mkaratusi kutoka njia ya kanisani. Nimeviosha, nimevifuta kwa kanga. Nilitia vidole ndani yake kidogo, baridi.

Kule Kabuku wazee wanaye wa kumsomea mpaka mahindi yakomae. Huyu ni wangu. Nimeviweka mlangoni jozi, vimeelekea ndani, nami nimekaa kizingitini kando yake kuvilinda.